Ng'ambo ya Mto Songwe

Pale Kasumulu, mpakani mwa Tanzania na Malawi, kila mtu ana shughuli yake. Malori yaliyopakia mafuta na mbolea bandarini Dar es Salaam yamejipanga yakingoja karatasi zigongwe muhuri. Wanawake wa Kimalawi wanaorejea kutoka Kariakoo wanahesabu mabegi yao upya, maana begi moja likipotea faida ya safari nzima imekwenda. Vijana wa kubadilisha fedha wamekwisha kukuona kabla hujashuka garini. Anayevuka kwenda kupumzika haonekani. Mwambie ofisa wa uhamiaji wa ng'ambo kwamba umekuja kutembea tu, huna biashara, huna msiba, huna harusi, naye atakutazama kidogo, kisha atakuuliza tena umekuja kununua nini.

Hana makosa. Kwa mtu wa Mbeya au wa Dar, Malawi ni nchi ya kuuzia mali, ya kupita ukielekea Afrika Kusini, au ya kusikia habari zake mgogoro wa mpaka wa ziwa unapofufuka magazetini. Utalii tunao sisi. Mwaka 2023 Tanzania ilipokea wageni zaidi ya milioni 1.8 kutoka nje, na Zanzibar peke yake zaidi ya 600,000. Malawi haina mlima wenye theluji, haina nyumbu wa kuhama kwa mamilioni, haina bahari. Ina ziwa lenye urefu wa karibu kilomita 580, ambalo limekalia kama sehemu moja ya tano ya eneo lote la nchi. Mtanzania haombi viza, na nauli ya basi kutoka Mbeya hadi mpakani haimshindi mtu mwenye kazi. Hata hivyo hatuendi.

Nasema twende, na sisemi hivyo kwa sababu ng'ambo kunazidi kwetu. Tukishindanisha mandhari kwa mandhari na wanyama kwa wanyama, Malawi itafungwa mechi nyingi. Ila ni jirani ambaye hajajifunza kumpima kila mgeni kwa pochi yake. Mswahili aliyewahi kwenda kupumzika kwenye fukwe zetu wenyewe anaijua ile hali ya kusimamishwa getini na kuulizwa anamfuata nani, wakati wageni weupe waliokuja nyuma yake wamekwisha kupita na kukaribishwa maji ya madafu. Kando ya Ziwa Nyasa, ambalo wenyeji wa huko huliita Ziwa Malawi na hawana mzaha na jina hilo, sijawahi kuulizwa swali la aina hiyo. Huko mgeni wa kutoka Tanzania ni mgeni kamili.

Kutoka Songwe hadi Karonga ni kama kilomita 45 za barabara inayopita kando ya mashamba ya mpunga, na unaposhuka unajiona hujaondoka kwenu sana. Wangonde wa Karonga ni ndugu wa Wanyakyusa wa Kyela na Tukuyu. Mpaka uliokatwa mwaka 1890, Waingereza na Wajerumani walipokuwa wakigawana nchi, ulipita katikati ya ukoo. Ndizi ni zilezile, Kiswahili kinasikika sokoni, na chini ya mwembe wazee wanacheza bao ambalo wao huliita bawo. Mtu wa Pwani akikaa pembeni atafuata kete bila shida, na baada ya dakika chache ulimi utamwasha atoe ushauri ambao hakuombwa.

Karonga ina makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 2004, na mgeni asiyapite. Ndani yake kuna mfano wa mifupa ya Malawisaurus, dinosaria mwenye shingo ndefu ambaye mabaki yake yalichimbwa katika wilaya hiyohiyo. Katika wilaya hiyo pia ndiko lilikopatikana mwaka 1991, mahali paitwapo Uraha, taya la binadamu wa kale linalokadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka milioni 2. Lakini historia ambayo mgeni wa Kiswahili atakutana nayo uso kwa uso hapa ni ya jana tu ukilinganisha na hiyo. Ni habari ya Mlozi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyejenga ngome zake karibu na Karonga, akapigana na kampuni ya Waingereza ya African Lakes kuanzia mwaka 1887, na mwishowe akanyongwa Desemba 1895 kwa amri ya Harry Johnston. Sisi tumezoea kujivunia kwamba Kiswahili kilifika mbali. Kando ya ziwa hili wanakumbuka pia kilifika kikiwa kimeshika nini mkononi. Hakuna atakayekukasirikia kwa hilo, lakini usiende ukitegemea kusifiwa kwa kila alichokiacha babu.

Kusini ya Karonga barabara hukumbatia ziwa upande mmoja na ukuta wa milima upande wa pili, mpaka Chitimba, kijiji ambapo basi hukushusha na kuondoka kabla vumbi halijatua. Hapo ndipo inapoanzia njia ya kupanda Livingstonia. Ni njia ya vumbi na mawe yenye kona 20 kali zilizokunjana mlimani, na magari madogo ya kawaida hayaipendi. Wenyeji hupanda kwa miguu au kwa matola, yaani gari la mizigo linalochukua watu juu ya magunia. Matola haina saa. Inaondoka ikijaa, na kujaa kwake ni neno la dereva. Nimekaa pale Chitimba nikinunua mandasi kwa mama mmoja, nikimaliza nanunua mengine, hadi akaanza kuniuliza habari za wazazi wangu, wangapi wako hai, na nani amebaki nyumbani kunilindia mji. Ndani ya muda huo gari lilikuwa limepata abiria wawili.

Mtu aliyezoea safari za kupangiwa, zenye dereva anayegonga mlango saa kumi na moja alfajiri, ataona huo ni muda uliopotea. Ninavyoona mimi, hapo safari imekwisha kuanza.

Livingstonia yenyewe ni mji mdogo wa matofali na miti mirefu, uliojengwa juu ya kingo za bonde na daktari Mskochi aliyeitwa Robert Laws. Misheni yake ilianza mwaka 1875 kule Cape Maclear, kusini mwa ziwa, ikahamia Bandawe, na kote huko malaria iliwazika wenzake. Mwaka 1894 akapanda huku juu ambako baridi ni kali na mbu ni wachache. Alikaa Malawi kwa zaidi ya miaka 50. Shule aliyoianzisha ilitoa walimu, makarani na wanasiasa waliosambaa hadi Afrika Kusini, mmoja wao Clements Kadalie, aliyekuja kuanzisha chama kikubwa cha wafanyakazi weusi huko Cape Town. Nyumba ya mawe aliyoishi Laws sasa ni makumbusho na ina vyumba vya wageni, kwa hiyo unaweza kulala humohumo, ukaamka asubuhi ukaketi barazani. Kukiwa kweupe unaiona Tanzania ng'ambo ya maji, Milima ya Livingstone ikiwa imesimama upande wa Matema. Wachache sana kati yetu wameiona nchi yao kutoka upande huo.

Karibu na hapo yapo maporomoko ya Manchewe, na nyuma ya pazia la maji kuna mapango ambamo, kwa masimulizi ya wenyeji, watu walikuwa wakijificha wakati wa misako ya watumwa. Ukiwa na gari linaloweza njia mbaya na akiba ya mafuta, nyuma ya Livingstonia iko Nyika, hifadhi kubwa kuliko zote za Malawi: majani mafupi ya nyanda za juu, pundamilia, korongo wakubwa wa rangi ya kahawia, okidi wakati wa mvua, na baridi ya kuvaa sweta mbili mwezi wa sita. Asiye na gari aiache, kuifikia ni taabu. Mzuzu nao ni mji wa kubadilishia basi, kuchukua fedha benki na kunywa kahawa nzuri ya milima ya jirani, basi.

Halafu Nkhata Bay. Hapa watu hushuka wakisema watalala usiku mmoja, wakaondoka baada ya wiki. Mji umejibana kwenye mabonde mawili matatu yanayoteremka majini. Soko liko hatua chache kutoka gatini, na dagaa, ambao hapa ni usipa, wameanikwa kwenye vichanja hadi harufu yao inakuamsha kabla ya jogoo. Watonga wa hapa hula kondowole, ugali wa muhogo unaovutika, na mgeni asiyeuzoea hupambana nao kwanza. Chambo, samaki wa jamii ya perege anayetajwa kwenye kila kitabu cha wageni, amepungua sana kwa kuvuliwa kupita kiasi, na bei yake imepanda. Kula usipa, ndio wanaoliwa na mji. Na ukiona mawingu meusi yamesimama wima juu ya maji kama moshi wa treni, hao ni wadudu wadogo wanaozaliwa ziwani kwa mabilioni. Upepo ukiwasukuma nchi kavu watu huwanasa, huwaponda na kuwapika vitumbua. Mtu wa Kyela hatashangaa.

Kilichoufanya mji huu ujulikane ni meli. MV Ilala ilijengwa Scotland na kampuni ya Yarrow mwishoni mwa miaka ya 1940, ikasafirishwa vipandevipande, ikaungwa upya kando ya ziwa, na kuanza kazi mwaka 1951. Imerithi jina la meli nyingine ya wamisionari, ya mwaka 1875, iliyokuwa ya kwanza kwenda kwa mvuke katika ziwa hili. Kwa miaka mingi ilizunguka mara moja kwa wiki kutoka Monkey Bay kusini hadi Chilumba kaskazini na kurudi, ikipita Nkhotakota, Likoma, Chizumulu, Nkhata Bay na vijiji vigumu kufikiwa kwa barabara, kama Ruarwe na Usisya. Nasema ilizunguka kwa sababu siku hizi hulala matengenezo kwa miezi. Kabla ya kufunga mzigo wako uliza gatini, na ukijibiwa kwamba itakuja, uliza mtu wa pili.

Ikija, panda. Chini, daraja la watu wengi, hakuna nafasi ya kuweka mguu: magunia ya mahindi na muhogo, kuku ndani ya matenga, magodoro, baiskeli, mabati, akina mama waliokwisha kutandika vitenge na kulaza watoto. Juu kabisa kuna sitaha ya wazi yenye baa, mahali ambapo walimu, wafanyabiashara na wageni wachache hulala chini ya nyota. Kabini zipo. Joto lake halisemeki, nawaachia wenye kupenda milango. Meli hii haiendi kasi ya kumtisha mtu. Inapofika kijiji kisicho na gati hutia nanga mbali kidogo, hushusha boti zake za uokozi, na abiria hushuka ngazi ya pembeni na mizigo kichwani, usiku wa manane, huku mitumbwi ikizunguka na watu wakiitana kwa majina. Shughuli hiyo huchukua saa tatu, wakati mwingine tano. Hakuna anayekemea. Mwanamke niliyeketi karibu naye, aliyekuwa anapeleka mtaji wa nguo za watoto Likoma, alinieleza kwa Kichewa kilichochanganyika na Kiswahili cha Kariakoo kwamba yeye hasumbuliwi na meli kuchelewa, kinachomsumbua ni upepo. Ana haki. Kati ya Mei na Agosti mwera huvuma kutoka kusini na kulinyanyua ziwa hadi watu wazima wakalala kifudifudi. Mwaka 1946 meli ya Vipya ilipinduka karibu na Chilumba, ikafa na watu 145. Ziwa lenye kina cha karibu mita 700 halina uhusiano wowote na bwawa.

Hadithi ya ziwa hili ya kusimulia sitahani ni ya Agosti 1914. Waingereza walikuwa na meli ya kivita Gwendolen, nahodha wake Rhoades. Wajerumani walikuwa na Hermann von Wissmann, nahodha wake Berndt. Wawili hao walikuwa marafiki wa chupa. Habari za vita zilimfikia Mwingereza kwanza, akaifuata meli ya mwenzake iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo pale Sphinxhaven, ambayo sasa ni Liuli, mkoani Ruvuma, akaifyatulia mizinga. Berndt alikuja kwa mtumbwi akiwa amefura, akitaka kujua kama rafiki yake amelewa. Alikamatwa kuwa mfungwa wa vita ambayo hakuwa amesikia kwamba imeanza.

Likoma ni kisiwa cha kilomita za mraba 18 hivi, kiko jirani kabisa na pwani ya Msumbiji, mbali na Malawi, na bado ni Malawi. Sababu ni kanisa. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walikifanya makao yao katika miaka ya 1880, na mipaka ilipochorwa kikabaki mikononi mwa Waingereza huku maji yote yanayokizunguka yakienda kwa Wareno. Msomaji wa Zanzibar anawajua watu hawa hata kama jina la chama chao limemtoka: ndio waliojenga kanisa la Mkunazini juu ya soko la watumwa. Baada ya jaribio lao la kwanza kuvunjika kusini mwa Malawi, ambako askofu wao Mackenzie alikufa mwaka 1862, walirudi nyuma hadi Zanzibar, wakajifunza Kiswahili, kisha wakarejea ziwani kwa njia ya nchi kavu. William Percival Johnson, aliyefika Zanzibar mwaka 1876, aliishi kando ya ziwa hadi alipofariki 1928 akiwa karibu kipofu, na kaburi lake liko Liuli. Mwenzake Chauncy Maples alizama mwaka 1895, mwaka uleule aliotawazwa kuwa askofu wa Likoma. Meli iliyopewa jina lake ililetwa kutoka Glasgow ikiwa vipande zaidi ya 3,000, na boila lake likaburutwa porini na mamia ya watu kwa kamba.

Kanisa kuu la Mtakatifu Petro lilianza kujengwa mwaka 1903 na kuwekwa wakfu 1911. Waongozaji hupenda kusema ukubwa wake ni sawa na lile la Winchester, Uingereza. Sijalipima wala sioni haja. Inatosha kulitokea ghafla ukitoka kwenye kijia cha mibuyu na miembe: jengo la mawe la kupotea ndani yake, na vioo vya rangi madirishani, katika kisiwa kidogo chenye magari ya kuhesabika. Husemwa kwamba msalaba wake ulichongwa kutoka kwenye mti wa Chitambo, Zambia, ambao moyo wa Livingstone ulizikwa chini yake. Ni mti uleule uliotoa msalaba unaoonyeshwa watalii pale Mkunazini. Tofauti ni kwamba Mkunazini utausikia msalaba huo ukielezwa kwa lugha nne kwa wakati mmoja, na utausogelea kwa zamu. Likoma nilimkuta mzee mmoja akifagia, akaniashiria niketi nitakapo, akaendelea kufagia.

Mchana wa Likoma hauna ratiba ya kumpa mtu. Unaoga ziwani mahali unapoonyeshwa, kwa sababu mamba wapo. Unatembea kwenda upande wa pili wa kisiwa na unarudi ukiwa umesalimia kijiji kizima. Ukitaka kusafiri zaidi, kuna mashua zinazovuka kwenda Cobué, Msumbiji, zikipeleka watu sokoni. Hoteli ya kifahari ipo moja, ya watu wanaokuja kwa ndege ndogo kutoka Lilongwe na kulipa kwa dola. Wengine tunalala nyumba za wageni, neti ikiwa na tundu moja au mawili ya kuziba kwa fundo.

Kusini zaidi, Nkhotakota ni mahali pengine ambapo Mswahili anarithi zaidi ya anavyotaka. Hapo ndipo Salim bin Abdallah, aliyetoka Zanzibar, alipojenga utawala wake katika miaka ya 1840 akajiita Jumbe, na majumbe waliomfuata walivusha watumwa kwa majahazi kuelekea Kilwa hadi Waingereza walipowaondoa katikati ya miaka ya 1890. Kilichobaki ni Uislamu wenye mizizi, na majina ya watu ambayo hayatakupa shida kuyatamka. Nyuma ya mji kuna hifadhi iliyokuwa imemalizwa na majangili. Shirika la African Parks liliichukua mwaka 2015, na katika mwaka 2016 na 2017 tembo wapatao 500 walihamishwa kwa malori na winchi kutoka Liwonde na Majete ili waijaze tena. Ni kazi ya ajabu. Wanyama wa hapa ni wagumu kuonekana msituni, na anayetaka kuwaona kwa uhakika aende Liwonde, akae kwenye boti mtoni Shire.

Cape Maclear ndiyo Nungwi ya Malawi, kwa kipimo cha Malawi. Vijana wa ufukweni wapo, wamejipa majina ya vichekesho, wanauza vinyago na kukupeleka visiwani kwa mtumbwi kutazama mbuna, samaki wadogo wa bluu na manjano ambao kwa ajili yao UNESCO iliiweka hifadhi ya ziwa iliyopo hapo kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1984. Ziwa hili lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote jingine duniani. Lina kichocho pia, hasa kwenye maji ya mafunjo karibu na vijiji, na Cape Maclear haijasalimika. Ukirudi nyumbani meza dawa kwa ushauri wa zahanati, hata kama huumwi. Lilongwe na Blantyre sina la kuzisemea sana: miji ya ofisi. Chai ya Thyolo na milima ya Mulanje, ambayo kilele chake Sapitwa kinafika mita 3,002, zinastahili safari yao peke yao, na mtu wa Moshi atapanda akicheka kidogo mpaka mawe ya juu yamnyamazishe.

Utulivu huu wote nimeusifu, na sasa nauwekea doa. Sehemu kubwa ya utulivu huo inatokana na uhaba. Malawi inauza nje tumbaku, chai, sukari na kidogo kingine, na fedha za kigeni hazitoshi. Novemba 2023 benki kuu ilishusha thamani ya kwacha kwa asilimia 44, mwaka mmoja na nusu tu baada ya kuishusha kwa asilimia 25. Noti kubwa kuliko zote wakati huo ilikuwa ya 5,000, na kwa bei rasmi haikufika dola tatu, kwa hiyo mtu alitembea na mabunda mfukoni kununua vitu vidogo. Mafuta hukatika. Foleni ya magari kwenye kituo cha mafuta inaweza kulala hapo, na dereva wa matola anayekungojesha Chitimba hangojeshi kwa sababu ana falsafa ya maisha ya polepole. Anangoja kwa sababu lita alizonazo hazimruhusu kupanda mlima na gari nusu tupu. Meli haiji kwa sababu kipuri kinaagizwa kwa dola ambazo hazipo. Mwezi Machi 2023 kimbunga Freddy kiliwaua na kuwapoteza watu zaidi ya 1,000 kusini mwa nchi, barabara zikakatika, na bado konda wa basi alikusalimia kwanza kabla ya kukuomba nauli.

Kwa hiyo mtu akikuambia Malawi ni nchi ambayo watu hawana haraka, mkatalie. Mama wa mandasi ana haraka ya ada ya shule. Yule wa nguo za watoto alikuwa akihesabu siku za mkopo. Wanaofaidi mwendo ule ni wageni, kwa sababu sisi tuna tarehe ya kurudi. Hilo halinifanyi nione aibu ya kwenda. Linanifanya nisibishane bei ya usipa, nilale kwenye nyumba za wageni za wenyeji, na nisiandike popote kwamba pale muda umesimama.

Ukienda, nenda kati ya mwishoni mwa Agosti na Oktoba, mwera ukiwa umelegea na mvua haijaanza. Badilisha fedha kidogokidogo, beba noti za dola zisizochakaa kwa dharura, neti yako mwenyewe na kadi ya homa ya manjano. Panga nusu ya safari na nusu nyingine iache, kwa sababu utaipoteza vyovyote vile ukingoja gari. Usilete mjadala wa mpaka wa ziwa mezani. Serikali zimekuwa nao tangu enzi za Nyerere na Kamuzu Banda, nao umezishinda, wakati wavuvi wa pande zote wanaazimana nyavu.

Kwacha zilizobaki zimalizie sokoni Karonga, maana ukivuka Songwe hazina kazi. Nunua mchele. Ule wenye harufu nzuri, fahari ya Karonga, wanauita Kilombero, na muuzaji atakuapia kwa Mungu kwamba unaushinda wa Kyela. Nilinunua kilo tano, nikaupika Mbeya kwa nazi. Mzuri kweli. Kyela bado inaongoza.